Krimu au kukatwa kwa saratani ya ngozi

Kaka, umeuliza kama mdogo wako mwenye saratani ya ngozi apake krimu au akatwe. Krimu inaponya wengi, ila kisu bado kinaishinda. Kwa saratani ya ngozi aina ya basali, ile inayokua polepole, utafiti wa Uingereza ulifuatilia watu miaka 5: waliopaka krimu ya imikwimodi wakapona bila kurudiwa ni asilimia 82.5, waliokatwa 97.7. Ikirudi baada ya krimu, mara nyingi hurudi mwaka wa kwanza. Ukivuka hapo unapumua kidogo. Kuwasha, wekundu na magamba wakati wa kupaka ni kawaida, usiache dawa bila kumuuliza daktari.

Lakini umesema mdogo wako ana ualbino na kidonda kiko sikioni. Mimi ni muuguzi huku Kasulu, na kwa ndugu zetu hao tunachokutana nacho zaidi ni aina nyingine, saratani ya skwamasi, kidonda kinachotoa damu na hakifungi. Ikishazama ndani, krimu haiiwezi. Usimnunulie kitu dukani kabla hajakatwa kipande kidogo cha kidonda kikapimwa. Hospitali ya mkoa itawaandikia rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, ikihitajika. Kofia pana aanze leo.