Kubandua vigaga na kutumbua chunusi hadi damu

Pole dada. Umeandika kwamba unabandua vigaga vya mikononi na kutumbua chunusi mpaka damu itoke, na mama anasema ni utundu tu. Si utundu. Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameiorodhesha tabia hii ya kuchokonoa ngozi kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili kama ugonjwa unaojitegemea. Ndiyo maana "acha tu" haisaidii. Na mimi nimeambiwa sana hivyo.

Kwanza chunguza unakukuta wapi. Kwangu ni kioo cha bafuni: kidole kinapapasa shavu, kinakuta kijipele, basi, nusu saa imekwenda. Nilibadilisha taa nikaweka yenye mwanga hafifu, na hilo limenisaidia kuliko nasaha zote. Kata kucha fupi kabisa. Kidonda kibandike plasta mapema, maana kisichopapasika hakichokonoleki kirahisi. Mkono ukianza kutafuta, kunja ngumi dakika moja au shika kitu, hata tasbihi. Ukirudia, usijisute, aibu ndiyo inayorudisha vidole usoni.

Makovu usiyapake mkorogo wala krimu za steroidi bila daktari, zinaifanya ngozi kuwa nyembamba. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha au ukipata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Vilevile tafuta mwanasaikolojia anayejua tiba ya kubadili mazoea. Ukifika mahali pa kutotaka kuishi, usisubiri miadi: mwambie mtu wa karibu, akupeleke hospitali.