Mfalme wa Uingereza Akisema, Ni Nani Anayesema?

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa Arusha na Moshi. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha kwa mauaji ya Vita vya Majimaji. Wiki hiyo hiyo Mfalme Charles alikuwa Nairobi, akaishia kuusikitikia tu ukatili wa enzi za ukoloni. Wanafunzi wangu wananiuliza: hataki kuomba radhi, au amekatazwa? Na kama amekatazwa, tumsikilize wa nini? *Mwalimu wa Uraia, Sakina, Arusha*

JIBU: Mwalimu, anza na tarehe. Charles alizungumza tarehe 31 Oktoba 2023, kwenye dhifa ya taifa jijini Nairobi. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alizungumza Songea kesho yake, tarehe 1 Novemba. Charles alisema Wakenya walitendewa ukatili wa kuchukiza usioweza kuhalalishwa, na kwamba hauna udhuru. Alitaja huzuni na majuto makubwa. Neno la kuomba radhi halikuwamo. Steinmeier aliomba msamaha waziwazi kwa yale Wajerumani waliyowatenda mababu wa pale.

Sisi tofauti hii tunaijua tangu utotoni. Ukifika msibani unasema "pole", maana si wewe uliyeua. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala unasema "samahani", kwa sababu mguu ni wako. Hotuba ya Nairobi ilikuwa pole nzito. Waambie wanafunzi waitafsiri, kisha wapige mstari chini ya kila kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa. Wataona ukatili "ulitendwa", lakini aliyeutenda hakutajwa kwenye sentensi ile.

Je, amekatazwa? Katika mambo ya nchi, mfalme wa Uingereza husema na kutenda kwa ushauri wa mawaziri, na kwa desturi ya katiba yao ushauri huo hana budi kuufuata. Hotuba ya kufungua Bunge huandikwa na serikali. Yeye huisoma, "serikali yangu itafanya hivi," hata kama sera yenyewe haimpendezi. Mara ya mwisho kwa mtawala wao kukataa kuidhinisha muswada uliopita Bungeni ilikuwa mwaka 1708, enzi za Malkia Anne. Mwaka 2019 Malkia Elizabeth alisimamisha Bunge kwa ushauri wa Waziri Mkuu Boris Johnson. Tarehe 24 Septemba Mahakama ya Juu ikatamka kwamba ushauri ule haukuwa halali, na kusimamishwa kwenyewe kukawa batili.

Mwanafunzi mkali atakurudia: mbona Rais wa Ujerumani naye ni kiongozi wa heshima tu, na aliomba msamaha? Ana haki kabisa kuuliza. Tofauti iko kwenye serikali zilizo nyuma yao. Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague aliliambia Bunge la Uingereza kwamba serikali inasikitikia mateso waliyopata Wakenya wakati wa Mau Mau, uasi dhidi ya utawala wa kikoloni, na kwamba itatoa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Katika tamko hilo hilo alikana kwamba serikali yake inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Kwa maoni yetu, hofu ya madai mengine ndiyo iliyopima maneno ya Nairobi. Mfalme asingeweza kusema zaidi ya pale serikali ilipokomea.

Lawama nyingi basi zinapaswa kwenda Downing Street, yaani ofisi ya Waziri Mkuu. Lakini hatudhani mfalme anatoka na mikono safi. Elizabeth alirithi ufalme Februari 1952 akiwa ziarani Kenya, na hali ya hatari ilipotangazwa huko Oktoba mwaka huo, ilitangazwa katika koloni lililotawaliwa kwa jina lake. Mzigo wa jina hilo ndio aliourithi mwanawe Charles pamoja na taji. Watu wa Moshi wanajua uzito wa jambo hili: Mangi (chifu wa Wachaga) Meli alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake umelitafuta fuvu lake kwa miaka mingi. Anayetafuta fuvu la babu yake anataka kusikia mtendaji akitajwa.

SWALI: Wajukuu wangu wamefundishwa na mwongoza watalii kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Mjerumani Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya kuzaliwa. Ni kweli? *Mzee wa Old Moshi*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Si kweli, na tungependa waongoza watalii waache kuisema. Mpaka ulioacha mlima upande wetu ulitokana na mapatano ya serikali mbili, Uingereza na Ujerumani, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1886. Mjukuu huyo, Wilhelm, wakati huo hakuwa Kaisari wa Ujerumani. Alikalia kiti Juni 1888. Siku yake ya kuzaliwa ni 27 Januari, na kwa upande wa Uingereza walioamua ni serikali ya Waziri Mkuu Lord Salisbury.

Hadithi inashika kwa sababu mbili. Ya kwanza, Wilhelm kweli alikuwa mjukuu wa Victoria. Ya pili ni ramani yenyewe. Fuata mstari kwa kidole kutoka pwani karibu na Vanga: unakuja umenyooka mpaka Ziwa Jipe, unapinda kuuzunguka mlima upande wa mashariki na kaskazini, halafu unanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Ile kona inaonekana kama mtu kaukata mlima akampa mwenzake. Ukweli ni kwamba Wajerumani walikuwa na mkataba waliouwekeana na Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1885, na walishikilia wabaki na nchi ya Wachaga. Taveta ikabaki kwa Waingereza. Waliokuwa wakiishi pande zote mbili hawakuulizwa, na hilo ndilo la kuwasimulia watalii.

SWALI: Tukiwa wanachama wa Jumuiya ya Madola, si bado tuko chini ya mfalme wa Uingereza? *Ngarenaro, Arusha*

JIBU: Hapana. Malkia Elizabeth alikuwa mkuu wa nchi ya Tanganyika kwa mwaka mmoja tu, kuanzia 9 Desemba 1961 hadi tulipokuwa jamhuri 9 Desemba 1962. Hapa aliwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Leo Charles ni mfalme wa nchi 15, Uingereza ikiwamo. Jumuiya ina nchi 56, na nyingi ni jamhuri kama yetu. Barbados ilimwondoa Malkia 30 Novemba 2021 ikabaki mwanachama. Rwanda haikuwahi kuwa koloni la Uingereza, na iliingia mwaka 2009.

SWALI: Nani anailipa familia ya kifalme? *Kiboriloni, Moshi*

JIBU: Hazina ya Uingereza. Ruzuku ya mwaka 2024/25 ilikuwa pauni milioni 86.3, na ya 2025/26 ikapanda hadi milioni 132.1, sehemu kubwa ya nyongeza ikiwa ni ukarabati wa Buckingham Palace. Ulinzi haumo. Ni moja ya sababu wako Waingereza, vijana zaidi ya wazee, wanaouliza familia hii ina faida gani.

SWALI: Kwenye magrupu ya WhatsApp kila wiki kuna "Mfalme asema hivi kuhusu Afrika". Nitajuaje? *Mama muuza vitenge, Soko Kuu, Arusha*

JIBU: Mama, muulize aliyetuma mambo mawili: ilisemwa wapi, na lini. Asipokuwa nayo, usiisambaze. Akiwa nayo, fungua tovuti ya kasri, royal.uk, utafute hotuba ya tarehe hiyo. Hotuba kubwa huwekwa nzima. Isome sentensi iliyotangulia na inayofuata, kwa sababu uongo mwingi ni sentensi ya kweli iliyokatwa kichwa. Angalia na mwaka: kabla ya 8 Septemba 2022 Charles alikuwa bado mwana wa mfalme, akisema na kuwaandikia mawaziri kwa uhuru zaidi, hata barua zake zikatolewa hadharani mwaka 2015. Maneno ya wakati ule si maneno ya kiti cha leo. Ikiwa ni video, tafuta ile ndefu ya asili. Sauti ikipishana na midomo, au picha ikiganda kila jina la nchi linapotajwa, ifute. Na ukikuta "chanzo cha karibu na kasri kimesema", hapo hakuna mtu aliyetajwa, na hakuna wa kumuuliza.