Usianze na Kant: ushauri kwa anayefundisha falsafa ya maadili mwaka wa kwanza

Wiki iliyopita kijana niliyemfundisha, ambaye sasa ni mkufunzi msaidizi katika chuo kimoja huko bara, aliniandikia: "Shikamoo Madam. Nimepewa somo la maadili, mwaka wa kwanza. Nimewapa Bentham, nimewapa Kant, wamenakili vizuri. Nikiuliza wao wanaonaje, wote wanatazama chini. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa kwa sababu najua wenye shida hiyo ni wengi. Kila anayefundisha somo hili anatamani kuona darasa likiwaka, watu wanagombea kusema, kipindi kinaisha na hakuna anayenyanyuka. Langu huwaka. Muhula huu mlinzi amekuja kutufungia mlango, na wanafunzi wakaendelea kubishana nje, chini ya mwembe. Nalisema hilo kwa fahari, maana nimelihangaikia.

Acha nadharia kwanza, yaani Bentham anayepima tendo kwa matokeo yake kwa watu wote, na Kant anayepima kwa wajibu. Anza na tatizo, na liwe tatizo la hapohapo mnapoishi.

Mimi naishi Bagamoyo. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa. Walikuwa wakivuka kwenda soko la watumwa la Unguja na kununua watoto kwa fedha taslimu. Watoto hao waliachwa huru na kulelewa misheni, wakisoma, wakijifunza ufundi na kulima. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Wanafunzi nawapeleka pale misheni, wanaona kanisa, makaburi na makumbusho, wanapiga picha. Hakuna anayeshtuka mpaka niulize swali moja: padri alifanya sawa kumlipa mwenye mtumwa?

Hapo kila mtu anachukua nusu karatasi na kuandika "sawa" au "si sawa", na sababu moja. Jina si lazima. Kujadiliana ni marufuku mpaka karatasi zote zimekusanywa. Ukiruka hatua hii, yule mwenye mdomo mwepesi ndiye atakayeamua darasa zima linafikiri nini, na waliokaa nyuma watamfuata. Mtu akishaandika, ana kitu chake cha kutetea.

Karibu wote huandika sawa. Mtoto alikuwa mtumwa, sasa yuko huru, kuna nini cha kujadili? Ndipo naongeza jambo moja tu: yule mfanyabiashara aliyepokea fedha, kesho anazifanyia nini? Si anarudi bara kutafuta watoto wengine? Kila mnunuzi anayeongezeka sokoni, hata mwenye nia njema kabisa, anamwongezea muuzaji faida. Darasa linanyamaza. Halafu binti mmoja kutoka Kilwa akasimama, sauti inatetemeka: "Kwa hiyo huyu ninayemwona analia nimwache, kwa ajili ya mtoto nisiyemjua?" Kijana aliyekuwa nyuma yake akajibu bila hata kusimama: "Na huyo usiyemjua naye analia."

Mwalimu, hapo kazi yako kubwa imekwisha. Mgogoro mzito kuliko yote katika falsafa ya maadili umeingia darasani wenyewe, bila slaidi: matokeo kwa watu wote upande huu, wajibu wako kwa mtu huyu mmoja upande ule.

Sasa mlete Kant. Mwaka 1785 aliandika kwamba kila kitu ama kina bei ama kina hadhi. Chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani ileile, lakini hadhi haina mbadala, na binadamu ana hadhi. Waulize: kumlipia mtoto ni kukubali kwamba ana bei, au ni njia iliyobaki ya kumtoa mikononi mwa waliokwisha kumpa bei? Nimeona wanafunzi waliosema Kant hasomeki wakirudia ukurasa uleule mara tatu, kwa sababu sasa wanamhitaji. Bentham na mfuasi wake Mill vilevile. Wanaanza kuhesabu faida na maumivu, wanakuta hesabu yenyewe ni ngumu: watoto wangapi zaidi wangetekwa kwa sababu ya fedha zile? Nani angeweza kujua mwaka 1870? Na kama hujui, unaruhusiwa kusubiri mpaka ujue?

Atakayesema hayo ni mambo ya kale, mwambie kuhusu Sudan. Miaka ya 1990 mashirika ya Kikristo kutoka Ulaya na Marekani yalikuwa yakiwakomboa watumwa kule kwa kulipa fedha, na UNICEF ikapinga hadharani. Mwaka 2007 wanafalsafa Kwame Anthony Appiah na Martin Bunzl walihariri kitabu kizima juu ya swali hilihili. Nikikumbuka kwamba watu wanalijadili huko Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na sisi tunaopita mbele ya misheni kila siku hatulijadili, moyo unanichoma.

Mwanafunzi mwingine, mpole, ambaye sikuwa nimemsikia tangu muhula uanze, aliuliza: "Mtoto mwenyewe aliulizwa? Baada ya kukombolewa, angetaka kuondoka misheni angeachwa aende?" Swali hilo sikulipanga. Tulilitumia kipindi kizima kilichofuata, tukajikuta tunauliza uhuru ni nini hasa kwa mtoto asiye na kwao pa kurudi. Nakusihi, swali la namna hiyo likija usilikatishe eti mtaala unakwenda.

Kuna majibu mawili utakayokutana nayo kila mwaka. La kwanza: "Ulikuwa utamaduni wa wakati ule, tusiwahukumu." Usilibeze. Uliza tu utamaduni wa nani. Bwana na mtumwa waliishi wakati mmoja, pwani moja, wakila muhogo wa shamba lilelile. Aliyefungwa mnyororo naye alikuwa mtu wa wakati ule, na waliokuwa wakitoroka misafarani walishatoa hukumu yao kwa miguu.

La pili: "Dini imeshasema." Hapa wahadhiri wengi wa pwani yetu wanaingiwa na woga, wanabadilisha mada. Mimi sibadilishi, na sijawahi kumvunjia mtu heshima ya imani yake. Nawaeleza swali ambalo Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, alimwekea mwalimu wake Socrates mdomoni: jambo ni jema kwa sababu limeamriwa, au limeamriwa kwa sababu ni jema? Kisha nawaambia waliosoma madrasa kwamba swali hili si la Wagiriki peke yao. Wanazuoni wa Kiislamu walilishindania kwa karne nyingi: watu wa madhehebu ya Mu'tazila wakisema akili inaweza kutambua uzuri na ubaya wa tendo, wale wa Ash'ari wakisema uzuri na ubaya unathibitishwa na amri ya Mwenyezi Mungu. Mwanafunzi mwenye kofia aliyekuwa amejikunja pembeni anainua kichwa. Anagundua kwamba aliyoyasikia kwa sheikh wake nayo ni elimu inayohesabika humu ndani.

Nitasema na hili, kwa sababu bado linaniuma. Katika chuo nilichofundisha kabla ya kuhamia huku, mkuu wangu alisimama kwenye kikao akasema nawachanganya vijana. Kwamba somo la maadili ni mavazi ya heshima, uaminifu kazini na kanuni za utumishi, basi. Nikanyang'anywa somo, akapewa mwingine mwenye noti za kukaririsha. Hakuna aliyenitetea, hata wale waliokuwa wakinisifu ukumbini. Socrates alihukumiwa kufa mwaka 399 kabla ya Kristo, na shtaka mojawapo lilikuwa kuwapotosha vijana. Sijifananishi naye. Ila najua shtaka hilo ni la zamani na litakufikia na wewe, ujiandae.

Na nitawaambia wakuu wa namna ile: kanuni hazitoshi! Muuguzi anajua lazima atunze siri ya mgonjwa, na anajua lazima amlinde mtu asidhurike. Siku mgonjwa anakataa kumwambia mkewe kwamba ameambukizwa, kanuni hizo mbili zinagongana mbele yake saa nane usiku, na mkuu wa idara hayupo. Hakimu, mhasibu, afisa ardhi, wote siku hiyo itawafika. Mkimwachia kijana aondoke chuoni hajawahi hata mara moja kushika mambo mawili mema yanayopingana na kuchagua kwa sababu anayoweza kuitamka, mmempa shahada, hamjampa elimu. Vijana wetu wana akili ya kutosha. Wanachokosa ni mtu wa kuwauliza na kusubiri jibu.

Tatizo la pili ninalopenda ni la mwanafalsafa Peter Singer, la mwaka 1972. Unapita, mtoto anazama kwenye kidimbwi. Kumwokoa kutakuharibia nguo. Kila mtu anamwokoa. Basi kwa nini humtumii fedha anayekufa kwa njaa mbali nawe? Singer aliandika akiwafikiria watu wa Bengali ya Mashariki. Mimi nakileta kidimbwi ufukweni, pale soko la samaki, na simu mpya mfukoni mwa mwanafunzi. Halafu nauliza kuhusu michango. Mwezi huu umepewa kadi ya harusi ya binamu, na kwenye grupu la darasa kuna mwenzenu anachangiwa matibabu Muhimbili. Umetoa wapi, na kiasi gani? Watu wanainama. Kisha wanaanza kujitetea, na utetezi huo ndio falsafa yenyewe: ndugu ana haki zaidi ya mgeni? Nikiahidi kwenye kamati, ahadi inashinda uhai? Karatasi kwanza, hapa pia.

Lile la tramu inayokwenda kuwaua watu watano relini, na dereva anaweza kuigeuza njia nyingine aue mmoja, liache mpaka katikati ya muhula. Mwanafalsafa Philippa Foot alilitumia mwaka 1967 ndani ya makala kuhusu utoaji mimba, kutofautisha kuua na kuacha mtu afe. Ukiling'oa humo na kulitupa darasani siku ya kwanza, wanafunzi wanacheka na kuligeuza mchezo.

Maoni yako yaweke mwishoni kabisa, au usiyatoe. Wakijua Madam anaegemea wapi, nusu wataegemea huko.

Kuhusu kusahihisha: sitoi alama kwa upande aliouchukua mwanafunzi. Natoa kwa sababu aliyoitoa, na kwa pingamizi kali zaidi dhidi yake aliloweza kuliandika yeye mwenyewe. Asiye na pingamizi havuki nusu ya alama, hata akiandika kurasa sita. Mwishoni mwa muhula narudisha zile nusu karatasi kwa watakaotambua mwandiko wao, waandike kwa nyuma kama wamebadili mawazo na ni hoja gani iliyowabadilisha. Waliobaki palepale nao waandike ni hoja gani ilikaribia kuwahamisha.