Usisome muhtasari wa Frankenstein, utajuta

Mkuu, unasema umepewa Frankenstein, ile riwaya ya Mary Shelley, huna hamu na mambo ya mazimwi, kwa hiyo unataka uangalie kwanza ile muvi ya 1931 halafu usome muhtasari ndo uamue. ACHA. Funga huo muhtasari sasa hivi.

Mimi kuna jamaa mmoja, msomi wa kujipachika, aliniambia kile kitabu ni zimwi linanguruma mwanzo mwisho, muvi inatosha. Nikamwamini. Kwenye muvi zimwi linaguna tu, sasa nani anunue kitabu kizima cha miguno? Kumbe kitabuni linaongea bana, tena linapanga hoja kumshinda huyo jamaa (si kazi ngumu hata hivyo). Na Frankenstein wala si zimwi, ni kijana aliyeliumba, lenyewe halikupewa hata jina. Ile mitambo na radi ya kulipa zimwi uhai ni mbwembwe za muvi, Mary Shelley kaandika usiku wa Novemba, mvua inagonga vioo, mshumaa unaishia, jicho la njano likafumbuka. Basi. Nilisisimka.

Ila hasara yenyewe iko kwa mzee kipofu. Zimwi limejibanza kibandani miezi na miezi linachungulia familia moja maskini kupitia ufa, linajifunza lugha kwa kuwasikiliza, usiku linawaletea kuni na wao hawajui nani analeta, mwisho linapiga moyo konde, siku mzee kabaki peke yake linaenda kupiga hodi. Hapo mtu unatakiwa usome umebana pumzi. Mimi nilishasoma muhtasari, najua kila kitu, nimekaa kama naangalia marudio ya mechi ya jana! Na kibaya zaidi kitabu nilikuwa nishakipenda, nilitamani kumpigia yule jamaa nimtukane. Kilichotokea sikwambii, ukikitafuta kwenye simu shauri yako.

Pale mwanzo kuna barua nne za nahodha anayeelekea ncha ya kaskazini, zitakuboa kidogo, usiziruke, huyo ndo anayekutana na Frankenstein kwenye barafu na kusimuliwa yote. Ukitaka kukitupa kitupe zimwi likishamaliza kuongea, sio kabla, na ukifika kwa mzee uje hapa useme.