Uliza Leo Wamekosa Nini

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiniomba nimwelekeze mkahawa hapa Nairobi unaojali mazingira na kupika mazao ya wakulima wa karibu, kwa kuwa anataka kuwapeleka wazazi wake. Ombi hilo limenigusa, maana nami niliwahi kumpeleka mama mahali pa namna hiyo, nikarudi nyumbani na uchungu ambao haujaniisha.

Mama alikuwa ametimiza miaka 70. Amelima kabichi na viazi huko Kinangop tangu ujana wake, na mazao yake yalipakiwa kwenye lori usiku ili yafike Marikiti kabla ya mapambazuko. Nilichagua mkahawa ambao menyu yake ilikuwa imechorwa majani kila ukurasa, ikiahidi kwamba kila kitu kilitoka katika mashamba ya jirani. Mama aliagiza managu. Yalipoletwa, aliyageuza kwa uma, akainua jani moja, akalitazama, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, “Hii ni spinachi, mwanangu.” Baadaye alimuuliza mhudumu, “Kijana, matufaha ya juisi hii yanalimwa wapi?” Kijana wa watu alikwenda jikoni, akarudi akasema yamenunuliwa supamaketi. Matufaha mengi tunayouziwa jijini huletwa kutoka Afrika Kusini. Bei haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mama alidanganywa kuhusu kazi aliyoifanya maisha yake yote, tena mezani nilikomkalisha mimi.

Tangu siku hiyo huwa ninapiga simu kabla ya kwenda, na siulizi kama mboga zao ni za asili, kwa kuwa hakuna atakayejibu la. Ninauliza, “Leo mmekosa nini?” Mkahawa unaotegemea shamba la kweli lazima ukose kitu. Managu, terere na kunde hustawi mvua za Machi hadi Mei zinaponyesha, na kiangazi kikikaza huadimika kwa mkulima asiye na maji ya kumwagilia. Menyu isiyobadilika mwaka mzima hainiridhishi hata kidogo.

Uliza pia kuhusu maji, kwa sababu ukaribu peke yake hautoshi. Zipo sukuma wiki zinazolimwa humu humu jijini kwa maji machafu ya mito yetu, na hizo ziko karibu kuliko zote. Vilevile, usivutiwe na mfuko wa karatasi unaofungiwa mabaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo huo ni utiifu wa sheria tu. Afadhali uulize wanapikia nini, na maganda ya jikoni huishia wapi. Sisi tunaotaka kula bila kuiharibu nchi hatuna budi kuuliza, hata kama walio nasi mezani wataona haya. Tukinyamaza, mkulima ataendelea kutumiwa kama pambo la menyu.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama kwingine, kando ya barabara ya kwenda Limuru. Nilipopiga simu, mwenye mkahawa aliniambia bila kusita kwamba managu yalikuwa yamekwisha na kwamba angetupikia kunde kwa nduma. Kunde zilikuja zikiwa na vikonyo vyake vichanga, zimepikwa kwa maziwa, na mama alizimaliza, akaomba aongezewe. Kisha akataka kuliona shamba. Nyuma ya jiko palikuwa na matuta machache na shimo la mboji lililofunikwa kwa majani ya migomba. Mama aliinama, akageuza jani la sukuma, akaona vidukari, akamuuliza mtunza shamba kama huwa ananyunyiza majivu. Nilisimama pembeni nikiwa na mkoba wake mkononi, nao wakazungumza kwa muda wa nusu saa.