Mngojane: maswali yenu kuhusu Meza ya Bwana

Wakatoliki wana Komunyo, sisi Walutheri tuna Chakula cha Bwana. Ni kitu kimoja?

Chimbuko ni moja, usiku ule Yesu aliosalitiwa. Komunyo ni neno la Kilatini lenye maana ya ushirika, na Ekaristi ni Kigiriki, shukrani. Tofauti iko kwenye imani. Wakatoliki hukiri kwamba mkate na divai hugeuka kuwa Mwili na Damu. Luther alishikilia kwamba Kristo yumo kweli pamoja na mkate, Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, akasisitiza ukumbusho. Wawili hao walikutana Marburg, Ujerumani, Oktoba 1529, wakapatana katika hoja 14 kati ya 15. Iliyowashinda ni hii ya meza. Huniuma kila nikiikumbuka.

Mwaka wa sita huu sishiriki. Najijua sistahili, naogopa kula hukumu.

Pole sana, ndugu yangu. Fungua 1 Wakorintho 11:27 usome taratibu. Haikuandikwa "asiyestahili", imeandikwa "isivyostahili". Neno hilo linahusu namna ya kula, halimhukumu mlaji kwa alivyo. Na namna yenyewe imeelezwa mstari wa 21: kule Korintho waliojiweza walitangulia kula chakula chao hadi kulewa, maskini wakabaki na njaa. Ndipo Paulo anawalaumu kwa "kutokuupambanua ule mwili". Wapo wanaosoma hapo Mwili ulio katika mkate, nami sikatai. Lakini sura ya 10 amekwisha kusema kwamba sisi tulio wengi tu mwili mmoja, kwa kuwa tunashiriki mkate mmoja. Walimpita ndugu mwenye njaa, kumbe walikuwa wanaupita mwili huo. Dawa aliyowapa ni neno moja: "mngojane".

Mstari wa 28 unasema mtu ajihoji, kisha aule mkate. Haukusema ajihoji kisha abaki kwenye benchi. Kama kuna uliyekosana naye, anza kwake (Mathayo 5:24). Kama ni dhambi inayokutesa, nenda kwa mchungaji wako wiki hii, usingoje Pasaka. Petro alikula mezani pale, na usiku uleule akamkana Bwana mara tatu.

Kwetu tunatumia juisi ya zabibu. Inakubalika?

Kwa Wakatoliki, hapana, lazima iwe divai. Makanisa mengi ya kilokole hutumia juisi. Mwaka 1869 huko Marekani, Thomas Welch, Mmethodisti na daktari wa meno, alichemsha juisi ya zabibu isichachuke, ipate kutumika mezani. Fuata utaratibu wa kanisa lako kwa moyo mweupe.

Bibi yangu hainuki tena kitandani. Ndiyo ameikosa?

Hata kidogo. Justin, mwandishi Mkristo wa kale, akiandika Roma karibu mwaka 155, anaeleza kwamba mashemasi waliwapelekea wasiofika ibadani sehemu yao. Mwambie mzee wa kanisa wa mtaa wenu leo. Na siku mchungaji akija, waite majirani waumini mshiriki naye mlemle chumbani. Bibi asile peke yake.