Laki sita, steshenari na Linux: ninunue laptopu gani?

SWALI

Kaka, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Mbagala Rangi Tatu. Natoa kopi, nataipu barua na mitihani, nawajazia watu maombi ya mtandaoni. Kompyuta yangu ya mezani ina Windows 10 na imegoma kwenda Windows 11, na kila wiki flashi za wateja zinaniletea virusi. Mdogo wangu aliyeko chuo ananisisitiza nihamie Linux, mfumo wa kompyuta wa kutumia badala ya Windows. Nimetenga laki sita. Kariakoo wamenionyesha laptopu mpya, bado iko kwenye boksi, prosesa Celeron, RAM GB 4, hifadhi GB 64, kwa 580,000. Nichukue hiyo au nitafute ya mtumba? Printa yangu ni HP LaserJet P1102.

Msomaji wa Mbagala

JIBU

Salama dada yangu. Hiyo ya kwenye boksi iache hukohuko dukani. Najua kitu kipya kinatuliza moyo, lakini kwa kazi yako itakuchosha mapema. Hizo GB 64 kwa kawaida ni za aina ya eMMC, zimechomelewa kwenye ubao wa ndani, na RAM ya mashine za namna hiyo mara nyingi iko vivyo hivyo. Ikijaa huna pa kuongeza, ikifa huna cha kubadilisha.

Laki sita yako itafute laptopu ya mtumba iliyoundwa kwa ajili ya maofisi: Lenovo ThinkPad T470 au T480, HP EliteBook 840 kuanzia G3 hadi G5, au Dell Latitude 7490. Ukifungua kifuniko cha chini unakuta nafasi mbili za RAM, na SSD, yaani diski ya kuhifadhia, unaweza kuitoa ukaweka kubwa zaidi. Leo unachukua yenye GB 8, mwakani mambo yakikaa vizuri unaongeza. ThinkPad X1 Carbon ipite tu. Ni nyembamba na nzuri machoni, ila RAM yake imechomelewa.

Usiridhike kuambiwa "ni i5 hiyo dada". Soma namba nzima. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inataka kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa prosesa chache. Kompyuta yako huenda imegomea hapo. Na hapo ndipo penye nafuu yako, maana Linux Mint, aina ya Linux ninayokushauri, inakaa vizuri tu kwenye kizazi cha 6 na cha 7. Ukipata cha 8 ndani ya bajeti, kichukue: i5 za laptopu hizi za kizazi hicho zina viini vinne vya kufanyia kazi, wakati zilizotangulia zina viwili. Mimi natumia T480. Nyingi zina betri mbili, moja ndani na nyingine ya nje ambayo unaichomoa na kupachika nyingine bila kuzima mashine. Umeme ukikatika printa italala, lakini wewe utaendelea kutaipu.

Ila kabla ya laptopu, nunua flashi ya GB 8 au zaidi. Mwambie mdogo wako akupakulie Linux Mint, faili lake ni karibu GB 3, na aliandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Flashi hiyo inawasha kompyuta yoyote ya aina hizi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Jioni hiyohiyo iwashe nayo kompyuta yako ya mezani, uchague kujaribu, usichague kusakinisha, kisha unganisha printa. P1102 inafanya kazi na Linux kupitia programu ya HPLIP, lakini inadai kipande cha ziada ambacho HPLIP hukipakua mtandaoni wakati wa kuiunga, kwa hiyo uwe na bando. Ikishatoa karatasi ya kwanza, ndipo uende Kariakoo.

Na flashi uende nayo. Hili nalisisitiza kwa sababu liliniumiza. Miaka kadhaa iliyopita nililipia EliteBook safi, skrini haina doa, nikafika nayo nyumbani Tabata. Nachomeka flashi, haisomi. Naingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kufungua USB, inadai nywila iliyowekwa na ofisi ya zamani. Muuzaji hakuijua, na mafundi wawili walishindwa. Ile mashine niliiuza kwa hasara.

Kwa hiyo palepale kaunta, kabla pesa haijatoka mkononi, chomeka flashi, washa, bonyeza F12 kwa Lenovo na Dell, au F9 kwa HP, kisha uchague flashi. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili. Mint ikifunguka, unga waifai kwa simu yako, cheza sauti, fungua kamera, funika mashine kisha uifunue uone kama inaamka. Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, andika upower -d, utafute neno capacity: hiyo ndiyo asilimia ya uwezo wa betri iliyobaki ukilinganisha na ilipotoka kiwandani. Chini ya 60, mimi ningedai bei ishuke ya kutosha kununua betri nyingine.

Halafu taipu sentensi nzima huku ukitazama herufi. Mashine nyingine zinatoka Ujerumani, na kibodi ya huko imebadilishana Y na Z. Ukiipa mpangilio wa Kiingereza ukafuata maandishi ya vitufe, "nguo yangu" inatoka "nguo zangu", "barua ya" inakuwa "barua za". Yote ni Kiswahili sanifu, kwa hiyo hakuna programu itakayokushtua, na mtihani wa watu utakuwa umeshachapwa kopi mia.

Kwa virusi, mdogo wako yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Vile vinavyoficha mafolda ya mteja na kuacha njia za mkato vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Mint utayaona mafolda yenyewe, utamnakilia mteja faili zake akashukuru. Ila usimnakilie na zile njia za mkato.

Maombi ya HESLB (mikopo ya chuo), RITA (vyeti vya kuzaliwa) na Ajira Portal (kazi za serikali) yanafanyika kwenye kivinjari, Firefox inatosha. Penye kazi ni Word. LibreOffice, programu ya kuandikia utakayoitumia kwenye Mint, inafungua faili za Word, lakini CV yenye majedwali inaweza kuhama mistari. Weka fonti ya Carlito, upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri, na mteja anayetaka kutuma CV mpe na nakala ya PDF.

Windows ya mezani usiifute bado. Iache ikae mwezi mmoja pembeni, haijaungwa kwenye intaneti, uone ni kazi gani bado inakurudisha kwake. Zikibaki mbili au tatu, niandikie nizijue, tutazitafutia njia moja moja.